Nyumba Imekarabatiwa, Hati Iko kwa Nani?

Mei 1946, mwaka mmoja baada ya vita kwisha Ulaya, mwonyesha sinema mmoja wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, aitwaye James Fielding, alihamia na mkewe na watoto wake katika kambi ya jeshi iliyoachwa. Hakuwa na kibali cha mtu yeyote. Alikuwa na familia isiyo na pa kulala, na mbele yake palikuwa na mabanda mazima yasiyo na mtu. Habari zilipoenea, familia nyingine zikamfuata, kisha miji mingine ikaiga. Kufikia vuli ya mwaka ule serikali ilikuwa imehesabu kambi zaidi ya 1,000 katika England na Wales, zenye watu karibu 40,000. Walipeana zamu za kupika na kulea watoto, wakaziba matundu ya paa, wakagawa mabanda marefu kwa mapazia na mbao ili kila familia ipate faragha yake. Halmashauri nyingi zilipoona haziwezi kuwatoa, ziliwaunganishia maji na umeme, zikaanza kuwatoza kodi.

Septemba mwaka uleule, familia zipatazo 100 ziliingia katika maghorofa ya Duchess of Bedford House, mtaa wa Kensington, mojawapo ya sehemu ghali kuliko zote London. Chama cha Kikomunisti ndicho kilichopanga tukio hilo. Maghorofa yalikuwa matupu, na mahitaji ya watu wale yalikuwa yaleyale ya watu wa kambini. Lakini hawakukaa hata mwezi. Amri ya mahakama ikatoka, viongozi wao wakafunguliwa mashtaka, wakaondoka.

Kambi hazikuwa na soko. Maghorofa ya Kensington yalikuwa nalo. Tofauti hiyo inajirudia katika historia yote ya watu wa kawaida kufufua nyumba zilizotelekezwa, kuanzia London hadi New York, Berlin, Liverpool na Zanzibar. Kuezeka paa upya, kung'oa mbao zilizooza, kurudisha mabomba na nyaya, yote haya watu wameyaweza mara nyingi, hata wale ambao hawakuwahi kushika mwiko. Kilichowashinda wengi ni kuizuia nyumba waliyoifufua isipande bei mpaka iwakimbie wao na watoto wao. Hilo huamuliwa na karatasi moja: hati ya ardhi, na jina lililoandikwa juu yake.

Nyumba haigeuki hame kwa uzee peke yake. Mara nyingi kuna mtu au ofisi iliyoamua. Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 halmashauri zilinunua mitaa mizima kwa nia ya kuibomoa na kupitisha barabara au kujenga maghorofa mapya. Fedha zikachelewa, mipango ikabadilishwa, nyumba zikakaa miaka bila watu. Marekani wenye nyumba waliona kodi za wapangaji maskini haziwapi faida, wakaacha kulipa kodi ya majengo, wakatelekeza nyumba au wakaichoma moto ili walipwe bima. Kwetu sababu mara nyingi ni urithi: nyumba ya marehemu yenye warithi kumi na wawili walio nchi tano, hakuna anayeweza kuuza, hakuna aliye tayari kutengeneza, na mvua ya kila mwaka inaendelea na kazi yake.

Novemba 1966 televisheni ya BBC ilionyesha filamu ya Ken Loach, Cathy Come Home, kuhusu familia changa inayopoteza makazi mpaka mama ananyang'anywa watoto. Nchi nzima ilishtuka. Miaka miwili baadaye kundi dogo la London, wakiwemo Ron Bailey na Jim Radford, liliona kushtuka hakutoshi. Mwaka 1969 walianza kuziingiza familia zisizo na makazi katika nyumba tupu za halmashauri ya Redbridge, mashariki ya jiji. Halmashauri ilijibu kwa kuajiri watu wa kuwatoa kwa nguvu. Zaidi ya hapo, ilipeleka mafundi kuvunja vyoo na kung'oa sakafu za nyumba zake yenyewe ili pasiwe na wa kukaa humo. Sijui njia ya wazi zaidi ya kuonyesha kwamba upungufu wa nyumba unaweza kutengenezwa kwa makusudi. Picha zilipofika magazetini, halmashauri ikalazimika kuzungumza.

Matunda makubwa yalipatikana kwingine London. Mwishoni mwa 1969 halmashauri ya Lewisham ilikubali kulikabidhi shirika la familia zisizo na makazi nyumba zinazosubiri kubomolewa, zikaliwe mpaka siku zitakapohitajika. Huo ukawa mtindo wa London nzima: nyumba za muda mfupi. Vyama vya ushirika vikaundwa, vikapewa nyumba zisizo na madirisha wala maji ya moto, vikazitengeneza kwa mikono ya wanachama. Lakini hati ilibaki halmashauri. Katika baadhi ya mitaa ya Lambeth, muda mfupi uligeuka miaka 30 na zaidi. Watu walizaa, wakalea, wakazeeka humo. Kisha, katika miaka ya 2010, halmashauri ikazidai nyumba zake, nyingi zikauzwa kwa mnada. Ardhi ile ambayo hakuna aliyeitaka mwaka 1975 ilikuwa sasa dhahabu, na waliolinda paa zake miongo mitatu hawakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Marekani jambo hilohilo lilichukua sura tofauti. Mwaka 1973 miji ya Wilmington na Baltimore ilianza kuuza nyumba zilizotelekezwa kwa dola moja kila moja. Sharti lilikuwa kuikarabati na kuishi ndani. Huko Baltimore, mtaa wa Otterbein ulikuwa umehamishwa watu kupisha barabara kuu ambayo hatimaye haikupita hapo. Mwaka 1975 zaidi ya nyumba 100 za matofali ziligawiwa kwa bahati nasibu, na mji ukawakopesha washindi fedha za ukarabati kwa riba ndogo. Kama kazi ya kuokoa majengo, Otterbein ni fahari: kuta zilizokuwa zinangoja tingatinga bado zimesimama. Kama makazi ya watu wa kipato cha chini, haikufaulu. Mtaa uko hatua chache kutoka bandari iliyopambwa upya, na aliyepewa nyumba alikuwa huru kuiuza kwa bei yoyote baada ya kutimiza masharti. Leo ni mtaa wa watu wenye uwezo. Na Baltimore bado ina maelfu ya nyumba tupu katika mitaa mingine.

New York ilikuwa na uchungu zaidi, na kwa hiyo ilifikiri zaidi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 jiji lilikuwa limechukua maelfu ya majengo kwa sababu wenyewe hawakulipa kodi. Jumla ya makazi ndani yake ilikaribia 100,000, mengi yao matupu au yameungua. Mwaka 1973, katika kanisa kuu la St. John the Divine, lilizaliwa shirika la UHAB, kazi yake kuwafundisha wapangaji kuchukua majengo yao wenyewe. Mfumo wao uliitwa usawa wa jasho: saa unazofanya kazi zinahesabiwa kama sehemu ya mtaji wako. Asiye na akiba benki ana mikono, na mikono ile inaandikwa daftarini.

Jengo namba 519 la barabara ya 11 Mashariki ndilo lililopata umaarufu. Liko katika mtaa uliokuwa na Wapuerto Riko wengi, na lilikuwa limeungua mara kadhaa. Vijana wa mtaa na wenzao walilichukua, wakalijaza vihami joto ukutani, wakaweka mitambo ya jua ya kupasha maji, na mwaka 1976 wakasimamisha kinu cha upepo juu ya paa, cha kilowati mbili. Kampuni ya umeme ilipinga kuingiziwa umeme kutoka paa la maskini, wakazi wakashinda. Mwaka uliofuata, katika Bronx ya Kusini, wakazi wa barabara ya Kelly iliyopinda kama ndizi waliunda shirika wakaliita Banana Kelly, wakaanza na majengo matatu yaliyokuwa yabomolewe. Ujumbe wao kwa majirani ulikuwa kwamba wasihame, watengeneze. Kwa mtaa ambao magari ya zimamoto yalikuwa yanapita kila usiku, kusema hivyo kulihitaji ujasiri mkubwa.

Jiji lenyewe likaja na utaratibu mwaka 1978: wapangaji wa jengo lililochukuliwa waliweza kulisimamia kwa majaribio, na wakionyesha kwamba wanaweza kukusanya kodi na kutunza hesabu, kila nyumba iliuzwa kwao kwa dola 250 chini ya ushirika. Majengo zaidi ya 1,000 yalipita katika njia hizi na nyingine zinazofanana nazo. Hata hivyo sheria ziliangalia zaidi kipato cha mnunuzi kuliko bei ya kuuzia. Manhattan ilipopanda thamani, kukawa na nyumba zilizonunuliwa kwa dola 250 zikitangazwa kwa mamia ya maelfu. Siwalaumu waliouza, mtu aliyebeba ndoo za kifusi ngazi sita kwa miaka anastahili kitu. Ila kila nyumba iliyouzwa hivyo ilikuwa moja iliyotoka mikononi mwa watu wa aina yake, na haikurudi. UHAB iliweka masharti makali zaidi mwaka 2002, ilipokabidhiwa majengo 11 ya Lower East Side yaliyokuwa yamevamiwa miaka mingi, kila moja kwa dola moja. Humo ukiuza, bei ina kikomo.

Wajerumani walilichukua tatizo hili la hati wakalifanyia kazi kwa subira ya kipekee. Berlin Magharibi, mwaka 1981, ilikuwa na nyumba zaidi ya 150 zilizovamiwa, nyingi katika mtaa wa Kreuzberg uliowekwa foleni ya kubomolewa. Wavamizi walikuwa wakiingia na vifaa vya ujenzi, kwa maelezo kwamba nyumba isiyotunzwa na mwenyewe itunzwe na anayeihitaji. Polisi waliwatoa wengi. Septemba 22 mwaka ule kijana Klaus-Jürgen Rattay, wa miaka 18, aligongwa na basi akafa wakati wa operesheni hiyo. Baadaye mji ulibadilika: mwaka 1983 msanifu Hardt-Waltherr Hämer na wenzake waliandika kanuni 12 za kuukarabati mji kwa uangalifu, ya kwanza ikitaka mipango ifanywe pamoja na wakazi waliopo. Sehemu kubwa ya Kreuzberg ya zamani ipo leo kwa sababu ya kanuni zile.

Lakini jibu la hati lilitoka mji mdogo wa kusini, Freiburg, katika kiwanda cha zamani kiitwacho Grether. Walioishi humo waliunda mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa Mietshäuser Syndikat. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza na mgumu kuuvunja. Kila nyumba inamilikiwa na kampuni yake ndogo yenye wanahisa wawili tu: chama cha wakazi wa nyumba hiyo, na Syndikat. Wakazi wanaamua kila kitu cha kila siku, nani ahamie, kodi iwe kiasi gani, ukuta upi uvunjwe. Syndikat haiwaingilii. Ina kura katika jambo moja pekee, kuuza nyumba au kubadili katiba, na hapo lazima wote wawili wakubali. Wakazi wakishawishika na bei nono, Syndikat inakataa. Syndikat ikipotoka, wakazi wanakataa. Mtaji hutokana na mkopo wa benki na mikopo midogo ya marafiki, ndugu na majirani, na kila nyumba huchangia kila mwezi mfuko wa kuzaa nyumba nyingine. Leo mtandao una nyumba zaidi ya 180, na kilichoziunganisha ni kura ya kusema hapana.

Turudi Uingereza, mpaka Liverpool, maana hapo mambo yote haya yalikutana katika mitaa minne.

Granby iko kusini ya katikati ya jiji, katika eneo la Toxteth. Nyumba zake ni za matofali mekundu, zimeshikana mfululizo, nyingi zilijengwa na mafundi wa Wales katika karne ya 19, na msanifu Richard Owens, naye wa Wales, alichora sehemu kubwa ya eneo lile. Bandari ndiyo iliyojaza watu: mabaharia wa Kisomali, Wayemeni, Waafrika Magharibi, watu wa Karibi, wakaoa, wakazaa, wakakaa. Barabara ya Granby ilikuwa soko la kila kitu. Kati ya 1969 na 1972 shirika la Shelter lilifanya hapo mradi wa majaribio wa kukarabati nyumba pamoja na wakazi badala ya kuzibomoa, na kutoka mazingira hayo vikazaliwa baadhi ya vyama vya kwanza vya ushirika wa nyumba mjini Liverpool.

Kisha bandari ikafa, kazi zikaisha. Julai 1981 vijana wa Toxteth, waliochoshwa na polisi na ukosefu wa ajira, walipambana na askari siku kadhaa. Gesi ya machozi ilitumika kwa mara ya kwanza katika kisiwa cha Britania dhidi ya raia. Nyaraka zilizofunguliwa miaka 30 baadaye zilionyesha kwamba waziri wa fedha wa wakati huo, Geoffrey Howe, alimshauri Margaret Thatcher asitumie fedha nyingi Liverpool, na afikirie kuuacha mji ushuke taratibu chini ya usimamizi. Watu wa Granby hawakuhitaji kusubiri nyaraka. Waliona: mzee akifa, nyumba yake inanunuliwa, dirisha linazibwa kwa bati, hakuna anayehamia. Taa za barabarani zikazimika bila kurudishwa. Mwaka 2002 serikali ilizindua mpango wa kufufua soko la nyumba kaskazini ya nchi, ambao katika mitaa mingi maana yake ilikuwa bomoabomoa. Mpango ulipofutwa mwaka 2011, Granby ya zamani ilikuwa imebaki mitaa minne: Beaconsfield, Cairns, Jermyn na Ducie, na nyumba tupu zilikuwa nyingi kuliko zenye watu.

Kilichoanza hapo kilianzishwa na wanawake wachache waliokataa kuhama. Hawakuanza na kampeni wala ombi la fedha. Walifagia. Walipanda maua katika mapipa na beseni kuukuu mbele ya nyumba ambazo hazikuwa zao, wakapaka rangi mbao zilizoziba madirisha, wakachora mapazia na vyungu vya maua juu yake, wakaweka meza barabarani na kuanzisha soko la Jumamosi moja kila mwezi, lenye vyakula vya kila jamii ya mtaani. Ninawaheshimu kwa jambo hilo kuliko kwa yote yaliyofuata. Ofisi inayotaka kubomoa mtaa hutegemea sana macho ya watu: kwanza mtaa uonekane umekufa, ndipo tingatinga lionekane la huruma. Mtaa wenye maua na harufu ya pilau ya Kisomali ni mgumu kutangaziwa kifo.

Mwaka 2011 waliunda amana ya ardhi ya jamii. Mfumo huo ulizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1969, pale Charles Sherrod na wenzake wa harakati za haki za raia walipoanzisha New Communities, shamba kubwa la wakulima Weusi waliokuwa wakifukuzwa na wenye ardhi kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Walijifunza kwa wafuasi wa Gandhi wa India, ambao vijiji vyao vilikabidhi ardhi iwe ya kijiji kizima. Kanuni ni kutenganisha: ardhi inabaki ya jamii daima, nyumba iliyo juu yake inaweza kuwa ya mtu, na akiiuza, anauza kwa bei iliyowekwa kwa kanuni, wala si kwa bei ya dalali. Sheria ya Uingereza iliitambua mwaka 2008.

Baada ya mwekezaji aliyepewa kazi na halmashauri kushindwa, Granby walipata nyumba kumi za barabara ya Cairns kwa pauni moja kila moja. Mkopo wa mtu binafsi mwenye nia njema ukafungua njia kwa ruzuku nyingine. Wasanifu vijana wa kundi la Assemble wakaitwa. Waliingia nyumba zisizo na paa, zenye miti iliyoota sebuleni, na walichofanya ni kusikiliza jengo. Pale sakafu ya juu ilipokuwa imeanguka kabisa, hawakuirudisha kila mahali; waliacha chumba kipande juu ghorofa mbili, chepesi, chenye mwanga. Kifusi cha matofali na vigae kilisagwa, kikachanganywa na saruji, kikamiminwa katika kalibu na kung'arishwa kuwa fremu za meko. Vishikio vya milango vilichomwa kwa vumbi la mbao, vigae vya bafuni vikapambwa kwa mkono, na karakana iliyozaliwa hapo ikaajiri watu wa mtaani. Nyumba tano ziliuzwa, tano zikapangishwa, na bei ya zile zilizouzwa ilifungwa kwenye mishahara ya watu wa eneo hilo, leo na kwa kila mnunuzi ajaye. Desemba 2015 Assemble walipewa tuzo ya Turner, ambayo kwa kawaida huenda kwa wachoraji na wachongaji. Mwaka 2019 nyumba mbili zilizoharibika kupita kiasi ziligeuzwa bustani ya ndani, sakafu zimeondolewa, kioo juu, mimea katikati.

Nyumba kumi ni chache, na wapo waliosema kelele za tuzo zimeizidi kazi yenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuna sababu ya uchache ambayo haina uhusiano na wakazi. Uingereza, anayejenga nyumba mpya halipi kodi ya ongezeko la thamani. Anayekarabati ya zamani hulipa asilimia 20, isipokuwa kiwango nafuu cha asilimia 5 kwa nyumba iliyokaa tupu miaka miwili au zaidi. Hesabu za serikali zenyewe zinamsukuma mtu kuelekea nyundo.

Wapo waliofanya mengi kimyakimya. Hull, katikati ya miaka ya 1980, vijana wasio na kazi walinunua nyumba mbovu, wakaitengeneza, wakaiweka rehani, wakanunua nyingine. Shirika lao, Giroscope, sasa lina nyumba zaidi ya 100, na miongoni mwa wanaojifunza ufundi humo wamo waliotoka gerezani. Leeds, tangu 1996, Canopy humkaribisha mtu asiye na makazi akarabati nyumba atakayopanga mwenyewe, achague hata rangi ya kuta. Mashirika hayo mawili yalipata pamoja tuzo ya dunia ya makazi. Kati ya 2012 na 2015 serikali ilitenga kwa vikundi vya aina hii mfuko wa pauni milioni 50 hivi, vikafanya kazi nzuri nchi nzima, na mfuko ukafungwa.

Amana ya ardhi ilifika pia kwetu, mapema kuliko Liverpool. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Voi, Kenya, wakazi wa kitongoji kiitwacho Tanzania-Bondeni walikuwa wamejenga vibanda katika ardhi ya serikali, ya reli na ya shamba la mkonge. Mradi wa kuboresha miji midogo uliwapa nafasi ya kuchagua aina ya umiliki. Waliogopa hati za mtu mmoja mmoja, kwa kuwa walishaona kwingine maskini akipewa kiwanja leo na tajiri akikinunua kesho, wakachagua ardhi iwe ya wote na nyumba iwe ya aliyejenga. Barabara na maji vikaingia bila watu kufukuzwa. Mfano huo haukuenezwa katika miji mingine. Taratibu zake za kisheria zilikuwa ndefu na sheria za ardhi hazikuandikwa kwa ajili yake.

Zanzibar ilikuwa na kitu cha karibu nacho karne nyingi kabla, nacho ni wakfu. Mtu wa Mji Mkongwe aliweza kuiondoa nyumba yake sokoni kabisa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na manufaa yake yanakwenda kwa msikiti, kwa maskini, kwa kizazi chake, na wapo walioyaelekeza kwa watumwa waliowaacha huru na watoto wao. Fukara wengi walipata kuishi katikati ya mji wa wafanyabiashara kwa sababu nyumba walizolala hazikuwa na wa kuziuza. Tangu mwanzo wa karne ya 20 mali hizo zimekuwa chini ya kamisheni ya serikali. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingine nyingi zilizoachwa na wenyewe zilitaifishwa, zikagawanywa vyumba, zikajaa familia zilizotoka mtaa wa Ng'ambo na mashamba. Kodi ilikuwa ndogo mno, na haikutosha hata kuziba paa.

Na nyumba ya Mji Mkongwe haisamehi paa linalovuja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, dari zake ni boriti za mikoko. Maji yakiingia juu, chokaa inalainika, udongo unatiririka kutoka tumboni mwa ukuta, ncha za boriti zinaoza pale zilipoingia ukutani, na siku moja ya masika chumba kizima kinashuka. Uchunguzi wa mwaka 1992 ulihesabu majengo 1,709, na kama robo tatu yake yalikuwa yanaharibika. Mamlaka ya uhifadhi iliyoundwa 1985 ilianza kuyaokoa, serikali ikauza mengi kwa watu binafsi, utalii ukapamba moto, na yaliyopata fedha za kutengenezwa vizuri zaidi yakawa hoteli na maduka ya vinyago. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na kuua wafanyakazi wawili, ukarabati ukiwa unaendelea.

Wakfu, basi, ulishika hati kwa uimara ambao Lambeth na Manhattan hawakuwa nao, lakini wapangaji hawakuwa na kauli, na mfuko wa matengenezo haukuwapo. Freiburg wana vyote vitatu: zuio la kuuza, mamlaka ya wakazi, na kodi ya wakazi inayolipia matengenezo. Hakuna katika sheria ya wakfu kinachokataza haya mawili ya mwisho. Inaweza kuundwa kamati ya wapangaji ya kila nyumba ya wakfu, inayojua boriti ipi imeoza kabla mkaguzi hajafika. Kodi inayopanda kwa kiasi wanachokubaliana na kubaki katika nyumba ileile mpaka imetengenezwa. Vijana wa vyumba hivyo kufundishwa kazi ya chokaa na mafundi wazee wangali hai, na saa zao kuhesabiwa katika kodi kama walivyofanya New York. Nyumba zipo, na nyingi zina watu ndani usiku huu. Masika yanaanza Machi.